Grupu la Msiba na Gunia la Debe Sita

Paulina nilimfahamu mwaka alioleta gunia tatu za mahindi Kibaigwa kwa kusukuma baiskeli, moja moja, siku tatu mfululizo, kwa sababu hakutaka kumlipa mtu wa bodaboda. Mbili za kwanza aliziweka kibandani kwangu. Alipofika na la tatu, bei ilikuwa imeshuka. Hakulia wala hakunung'unika. Alikaa juu ya gunia zake hadi saa kumi jioni, akaziuza kwa bei ya siku ya kwanza kwa mtu ambaye lori lake lilibakiza nafasi ya gunia tatu na alikuwa na haraka ya kuondoka.

Nikamwambia, "Wewe una roho ya dalali."

"Dada, mimi nina roho ya mtu aliyechoka kusukuma baiskeli."

Mimi ni dalali wa nafaka. Namkutanisha mwenye mali na mwenye lori, na pande zote mbili zinanishuku, ndivyo inavyotakiwa. Watu wa vijijini wengi wananijua kwa jina la Mama Emilia. Paulina ananiita dada kwa sababu nimemzidi miaka kama kumi, na ananiamkia shikamoo hata siku anazokuja kunigombeza.

Kijiji chao kiko ndani, kilomita kumi na tisa kutoka barabara ya Dar es Salaam, njia ya mchanga inayotafuna tairi. Mume alikwenda Handeni kutafuta maisha, akayapata huko pamoja na mke mwingine. Binti yao Restuta ameolewa Ipagala, huko mjini. Paulina alibaki na eka tano, jembe, na nyumba ya bati vyumba vitatu, na kwa miaka mingi aliviendesha vitu hivyo bila kumwomba mtu ushauri.

Kitu kimoja kilikuwa kinamla moyo, nacho ni lumbesa. Gunia likishonwa sawasawa mdomoni ni debe sita. Wanunuzi wanaoingia vijijini huja na vipande vya gunia kuukuu, wanaviunga juu ya mdomo, wanajaza mpaka gunia linavaa kilemba, ndipo wanashona. Hapo ni debe saba, na la saba mkulima ametoa bure. Sheria inakataza, na kila mtu anajua kwamba inakataza. Sokoni kuna mzani, namba wanaisoma wote, mwenye mali na mnunuzi. Lakini kuufikia mzani kunataka lori, na hakuna mwenye akili atakayeingiza lori kwenye mchanga ule kufuata gunia ishirini. Kwa hiyo mkulima anamngoja anayekuja mlangoni, na anayekuja mlangoni anakuja na sindano yake mwenyewe.

Mwaka huu Paulina alivuna gunia ishirini na mbili. Alizijaza mwenyewe, debe sita sita, akazishona kwa mkono wake, akaapa kwamba zitatoka nyumbani kwake zikiwa hivyo hivyo zilivyo.

Sasa nieleze habari ya grupu.

Kaka yake Batholomeo, mwalimu wa shule ya msingi, alifariki miaka miwili iliyopita. Shemeji yao mmoja akafungua grupu la WhatsApp la kuratibu mazishi. Kila aliyekuwa na namba ya mtu akamwingiza, na hadi kesho yake asubuhi tulikuwa mia tatu na kumi na saba. Mimi niliingizwa kwa sababu nilishawahi kumuuzia marehemu alizeti yake. Tukatoa rambirambi, tukazika, tukarudi makwetu.

Grupu la harusi lina mlango wa kutokea. Ukishachanga na kula pilau unalefti, na hakuna atakayekuuliza. La msiba halina. Ukilefti linaandikwa pale wazi, fulani ameondoka, na picha ya marehemu iko juu anakutazama. Nani anataka kuonekana amemchoka maiti? Basi tulikaa. Miaka miwili watu walitumiana sala za asubuhi, matangazo ya vifaranga, kitambulisho kilichookotwa stendi. Shemeji alipopoteza simu, uongozi wa grupu ukabaki kwa Paulina, aliyekuwa amepewa na Restuta simu kubwa iliyopasuka kioo.

Mwezi wa saba, wiki moja kabla wanunuzi hawajaanza kuingia, Paulina akabadili jina la grupu. Lilikuwa "Msiba wa Mwl. Batholomeo." Akaliita "Gunia Sawa." Picha ya marehemu hakuitoa, maana hakujua inatolewaje. Kisha akaandika ujumbe ambao alikuwa ameuandaa kwenye daftari kwanza, akaunakili kwa kidole kimoja: kwamba Jumatatu ijayo mtu yeyote asiuze gunia lenye kilemba, kwamba mnunuzi akikuta kijiji kizima kimekataa siku moja tu atashona debe sita, kwamba atakayeonewa apige picha, na kwamba anayekubali aweke dole gumba.

Majibu ya kwanza yalikuwa, "Poleni sana wafiwa." Mtu mwingine akauliza, "Nani tena jamani?" Mwingine, aliyeko Singida, akaomba namba ya kutuma rambirambi. Ilibidi Paulina aandike mara mbili kwamba hakuna aliyefariki, ni mambo ya mahindi. Ndipo madole gumba yakaanza kuingia.

Alinifuata sokoni Ijumaa, simu ikiwa mkononi.

"Shikamoo dada. Umeona? Mia mbili na nne."

"Marahaba. Nimeona. Wewe umewaona?"

"Ni watu wale wale waliokuja kumzika kaka. Walikuja na kuni kichwani, walikuja na unga. Ile ardhi ya mawe wakachimba kaburi kwa asubuhi moja. Hukuwepo?"

"Nilikuwepo. Walikuja kuzika."

"Sasa mtu aliyebeba kuni kilomita sita, atashindwa kukaa tu nyumbani na mahindi yake siku moja? Hapa hata kutembea hatembei."

Nilikuwa na jibu, lakini pia nilikuwa na mteja anangoja, na jibu halikuwa na faida kwangu. Nikamwambia Mungu amsaidie. Dole gumba langu lilikuwemo kwenye hayo mia mbili na nne. Kubonyeza ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Ya Jumatatu nimesimuliwa na Paulina, kisha na Halfani, na hadithi zao hazikupishana sana. Halfani ni mtu wa Kondoa, ananunua kwa niaba ya tajiri mmoja wa mjini. Kijana mpole, mcheshi, anasali sala zake kwa wakati, na kilemba cha gunia anakijua vizuri kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Alifika na lori la Fuso saa mbili asubuhi, akalisimamisha kwenye uwanja wa mashine ya kusaga. Paulina alikuwa ameshafika. Alisimama pembeni na debe lake, ili mtu akitaka kushuhudia kipimo ashuhudie.

Hadi saa tatu hakuna aliyetokea. Paulina aliniambia kwamba saa ile moja ndiyo iliyompa furaha kuliko zote mwaka huu. Kisha akasikia mkokoteni. Dorkasi, jirani yake wa nyumba ya tatu, alikuwa anakuja na ng'ombe wake wawili, na gunia kumi juu.

"Dorkasi."

"Mbukwa, dada," Dorkasi akamsalimu Kigogo, macho yake kwenye ng'ombe.

"Uliweka dole."

"Niliweka. Nikakaa nione nani atabaki. Jana nikapita kwa wale wa kule bondeni, nikauliza, mnauza? Wakasema hatuuzi. Lakini gunia zilikuwa zimeshatolewa ndani, ziko barazani. Sasa mimi nibaki na nani? Nibaki na simu?"

"Ungebaki na mimi."

"Wewe ni mmoja, dada."

Nyuma ya mkokoteni wa Dorkasi ukaja mwingine, ukaja wa tatu. Kila mmoja alikuwa amechungulia nje ili aone kama jirani ametoka, na alipomwona jirani naye anachungulia, akahesabu kwamba ameshatoka. Kufikia saa saba Fuso lilikuwa limejaa, vilemba vimepangwa juu kama watu wamekaa kikao.

Halfani akamfuata Paulina pale alipokuwa amesimama.

"Shikamoo mwenyekiti."

"Marahaba. Usinicheke."

"Sikucheki mama. Mimi mwenyewe mwanachama, angalia." Akatoa simu, akamwonyesha dole gumba lake, la saa moja na dakika nane jioni. "Mwalimu Batholomeo alimfundisha mpwa wangu, nilichangia msiba. Na ulichoandika nakubaliana nacho kabisa. Lumbesa ni dhuluma. Ila tajiri hajaingizwa kwenye grupu."

"Mwingize."

"Ataweka dole vile vile."

Paulina akabeba debe lake akarudi nyumbani. Wakati huo alidhani amepoteza siku moja tu.

Tajiri wa mjini alipata habari, kama ambavyo tajiri yeyote angepata, maana theluthi ya lile grupu wanakula kwake. Hakukasirika. Alimwambia Halfani, yule mama aachwe kwanza. Wanunuzi wengine wawili wanaoingia njia ile wakafanya vile vile bila kuambiwa. Hesabu yao ilikuwa nyepesi, na ningekuwa mimi ningeifanya: ukishona kwake debe sita, kesho kijiji kizima kinataka debe sita. Mwezi wa saba ukaisha. Nyumba nyingi zikabakiza za kula na chache za kungojea bei ya mwisho wa mwaka. Za Paulina zilikuwa palepale, ishirini na mbili, zimesimama chumbani.

Na hakuwa ametia dawa. Hapo ndipo alipojikamata mwenyewe. Dawa ya dumuzi, wadudu wa mahindi, hutiwa mapema, unachanganya na mahindi kabla hujashona. Yeye alishajua atauza Jumatatu ile, akaona kwa nini atie dawa mahindi ya siku saba. Katikati ya mwezi wa nane akakuta unga mweupe chini ya gunia za mstari wa nyuma. Dumuzi, wale ambao wengine huwaita skania kwa jinsi wanavyokula. Ukitia sikio kwenye gunia unawasikia, mlio mdogo mkavu usiokoma, kama mtu anasaga meno.

Akamfuata Halfani barabarani. Akamwambia, "Njoo uchukue. Shona unavyotaka."

Halfani aliniambia kwamba aliona aibu hata kumjibu. "Mama, siwezi. Nikishona kilemba kwako, nitajuaje kwamba hupigi picha? Uliandika mwenyewe kwenye grupu, atakayeonewa apige picha."

"Sitapiga."

"Naamini. Tajiri haamini."

Kwa hiyo debe sita alikataliwa, na debe saba alikataliwa. Akataka angalau kulifunga lile grupu, maana kila asubuhi lilikuwa linamwita mwenyekiti. Walioongoza kwa kuandika walikuwa wale waliouza Jumatatu ile: "Mwenyekiti tuko nyuma yako," "Mapambano yaendelee," na ngumi zilizokunjwa tatu tatu. Alipomgusia mjane wa Batholomeo kwamba anafikiria kulifuta, mjane akamuuliza, "Unamfuta marehemu?" Akaacha. Akataka alefti mwenyewe. Angelefti vipi msiba wa ndugu yake wa tumbo moja?

Mwisho wa mwezi wa nane alikuja kwangu. Safari hii hakuja na baiskeli wala simu hakuitoa mfukoni. Alikaa kwenye kigoda.

"Dada, nipe lori."

"Gunia ngapi?"

"Ishirini na mbili."

"Fuso ni gunia tisini na kitu. Nikiliingiza kule kwa ishirini na mbili, nauli itakula mahindi kabla dumuzi hawajamaliza."

"Wenye mahindi bado wapo. Ukisoma kwenye grupu—"

"Sisomi grupu. Usinitajie watu, nitajie gunia. Zinalala wapi?"

"Kila mtu kwake."

"Basi hakuna mzigo. Gunia lililo kwa mtu ni la huyo mtu mpaka dakika ya mwisho, na dakika ya mwisho atachungulia nje."

Nikaona nimmalizie, maana siku hiyo biashara ilikuwa ndogo. "Paulina. Msiba wa kaka yako, nani aliandika orodha ya walioleta kuni?"

"Hakuna aliyeandika. Tulikuwa tunaona."

"Na asiyeleta?"

"Tulimwona pia."

"Kwenye simu ulimwona nani ambaye hakuja?"

Aliangalia magunia ya watu wengine yanavyopita mgongoni kwa wapagazi. Halafu akaniuliza swali la biashara, na hapo nikajua amesikia. "Nikikuonyesha gunia tisini ndani ya chumba kimoja, lori linakuja?"

"Nikiziona kwa macho yangu, linakuja."

Alirudi, na kwenye grupu hakuandika neno. Alikwenda kwa miguu nyumba kwa nyumba, na hakwenda kila nyumba. Alichagua zile zinazochota maji kisima kimoja, za watu ambao hawawezi kumaliza siku bila kukutana. Waliobakiza mahindi walikuwa kumi na mmoja, ukimwacha yeye. Nathanaeli, mzee wa kanisa, alikuwa na chumba cha tofali za kuchoma alichomjengea mwanawe ambaye hakurudi, kimeezekwa na kina mlango wa chuma. Paulina akamwomba chumba. Kila mmoja akaleta gunia zake mchana, wengine wakiangalia, na kila gunia likafungwa kitambaa cha mwenyewe. Zilipatikana tisini na sita. Mlango ukatiwa kufuli tatu, wakakubaliana usifunguliwe wote wasipokuwepo. Ufunguo mmoja akabaki nao Nathanaeli kwa kuwa chumba ni chake, mmoja Paulina, na wa tatu Paulina akampa Dorkasi, aliyekuwa amebakiza gunia tisa.

Nilipokwenda kuangalia mzigo nilimuuliza kwa nini Dorkasi, aliyetoka wa kwanza Jumatatu ile.

"Kwa sababu ndiye atakayekimbia wa kwanza tena," Paulina akasema. "Akiwa na ufunguo, atakimbilia wapi?"

Nikazihesabu gunia. Nikaahidi Fuso Alhamisi ya wiki ya pili ya mwezi wa tisa.

Alhamisi hiyo nilipata mzigo wa gunia tisini na nane Pandambili, barabarani kabisa, hakuna mchanga. Nikampa mwenye mzigo huo lori. Nikampigia Paulina nikamwambia wiki ijayo. Hakunitukana.

"Wiki ijayo siku gani?" akasema.

"Jumamosi."

"Dada, mimi huku nimefunga watu."

Alikuwa anasema kweli, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kufungwa. Kila jioni wale kumi na wawili walipita mbele ya mlango wa chuma kuhakikisha kufuli zipo, na kila aliyepita alimtazama Paulina kabla ya kuzitazama kufuli. Hakuweza kwenda Ipagala kumwona Restuta aliyekuwa amejifungua, maana ufunguo ungeondoka naye, na kumwachia mtu mwingine ni kuvunja walichokubaliana. Gunia zake zilikuwa ukutani mwisho, na unga mweupe ulikuwa unaendelea kushuka. Angezitoa azianike na kuzichekecha, lakini kuzitoa kulitaka funguo tatu, na kulitaka wenzake waone hali ya mahindi ya aliyewaingiza humo.

Jumanne Halfani akaingia kijijini na lori tupu. Alikuwa amezunguka tangu asubuhi na kila alipouliza anaelekezwa kwenye mlango wa chuma. Akamwendea Nathanaeli kwa adabu.

"Shikamoo baba. Zako ni kumi na nne. Kwa heshima yako nazishona debe sita, bila kilemba. Leo hii."

Nathanaeli alikuwa na sababu yake. Mkewe alikuwa na miadi ya macho mjini na siku zilikuwa zimekaribia. Akatoka na ufunguo wake mkononi, akamkuta Paulina na Dorkasi kisimani.

"Nimepata debe sita," akasema. "Ndicho tulichokuwa tunakitafuta. Twende mkafungue nitoe zangu."

"Baba, ukitoa zako zinabaki themanini na mbili," Paulina akamwambia. "Lori haliji."

"Lori halikuja Alhamisi. Na hata zikiwa tisini na sita halikuja."

Hilo lilikuwa kosa langu, na mimi nilikuwa Kibaigwa nakunywa chai.

"Mahindi ni yangu," Nathanaeli akasema. "Chumba ni changu. Nimefungiwa mali yangu ndani ya nyumba yangu."

"Na yangu imo humo humo."

"Dorkasi, mama, wewe toa ufunguo."

Dorkasi alikuwa anajaza ndoo. "Baba, ufunguo wangu nimeuficha hata mimi sijui ulipo. Mkinipiga mtanionea bure."

Watu wawili watatu wakacheka, Nathanaeli hakucheka. Halfani, aliyekuwa amemfuata nyuma, aliona mlango unajifunga, akabadili bei kama mfanyabiashara yeyote. Akamgeukia Paulina.

"Mama, basi zote. Tisini na sita. Debe sita na nusu, kilemba kidogo tu. Napakia leo, kila mtu analala na chake."

Paulina aliniambia kwamba pale alitaka kukubali. Hakunificha. Alikuwa anawasikia dumuzi hata akiwa kisimani, alisema, akilala anawasikia, akila anawasikia. Nusu debe aliiona ndogo kuliko kinacholiwa na wadudu.

"Siwezi," akamjibu Halfani.

"Huwezi au hutaki?"

"Nataka. Siwezi."

"Nani anakuzuia?"

"Hawa." Akaonyesha watu wa kisimani kwa kidevu. "Nyumba nne ziko Mkoka kwenye arusi mpaka Ijumaa. Gunia zao zimo. Bila wao hatufungui, ndivyo tulivyosema. Nikikubali mimi, kesho nitachota maji wapi?"

Halfani akamtazama Nathanaeli, Nathanaeli akatazama mlango wake mwenyewe, tofali zake mwenyewe. Akaurudisha ufunguo mfukoni. Akaondoka, na kwa siku nne zilizobaki hakumwamkia Paulina wala kuitikia akiamkiwa.

Halfani alinipigia simu jioni ile. "Mama Emilia, wale watu umewafanya nini? Nimewapa bei nzuri, wanasema wanaitaka, na hakuna anayeweza kuichukua."

"Mimi sijafanya kitu."

"Kwenye grupu walikuwa mia tatu, nikapakia kufikia saa saba. Hawa kumi na wawili tu."

Jumamosi nikapeleka Fuso. Nilikwenda mwenyewe, kwa sababu nilijua nisipokwenda watasema mengi, na kwa sababu mzigo wa gunia tisini na sita zilizoshonwa vizuri, mahali pamoja, si mzigo wa kumwachia utingo. Funguo tatu zikatoka. Wa Dorkasi ulikuwa umeshonewa ndani ya mto wa kulalia, ilibidi aupasue mbele yetu. Wakapakia wenyewe. Hakuna aliyeimba.

Kwenye mzani wa soko walisimama wote kumi na wawili, kila mtu na kitambaa chake. Za Dorkasi zikapanda kwanza. Kilo mia na moja, mia, mia na mbili. Dorkasi akawa anaisoma kila namba kwa sauti, kana kwamba anamsomea mtu asiyeona. Za Nathanaeli zilikuwa na dawa tangu mwezi wa sita: mia, mia na moja, mia. Mpimaji anaandika, mnunuzi anaangalia, hakuna sindano hapo wala kilemba. Walikuwa wamepata walichokitaka, na waliona kwa macho yao kwamba wamekipata.

Kisha zikaja za Paulina. La kwanza tisini na tatu. La pili tisini na moja. La tatu, lililotoka ukutani, themanini na nane.

Mnunuzi akapitisha mkono chini ya gunia, akaunusa unga, akanitazama. Paulina alijaza gunia zile debe sita sita na kila mtu kijijini anajua hajawahi kupunja kipimo.

"Pima tena," akamwambia mpimaji.

Mpimaji akalishusha, akalipandisha tena. Themanini na nane.

"Sogeza kidogo, limegusa ukuta."

Halikuwa limegusa ukuta, lakini akasogeza. Themanini na nane.

"Haya," Paulina akasema. "Andika."

Zikapimwa zote ishirini na mbili hivyo hivyo, na mnunuzi akakata kidogo kwa ajili ya wadudu, na mimi nikabishana naye mpaka akapunguza alichokata. Nilipopiga hesabu yangu kichwani, Paulina alikuwa bado amepita kile ambacho angepata kwa lumbesa, ila si kwa mbali. Ujira wangu nilichukua kwa kila gunia, zake pamoja. Hakuomba nimsamehe, na angeomba nisingemsamehe.

Walipokuwa wanasubiri lori liwarudishe, Nathanaeli alikuja akasimama karibu na Paulina. Kwa muda alikunja na kukunjua kitambaa chake.

"Mwakani dawa itiwe kabla ya kufunga mlango," akasema, akiangalia barabara. "Zote. Kila mtu aonekane anatia."

"Nani amesema mwakani?" Paulina akamuuliza. "Mimi nakwenda Ipagala kumwona mjukuu. Ufunguo wa chumba chako huu hapa."

Akamnyooshea ufunguo. Nathanaeli hakuupokea. Akamnyooshea Dorkasi, na Dorkasi akaweka mikono yake nyuma.

"Dawa tununue sehemu moja," Dorkasi alikuwa anawaambia wengine. "Nani anajua bei? Dada Paulina, wewe unapita mjini si ndiyo? Ulizia."